Waliomo Ndunduni

Jumatatu, 4 Agosti

Nimegusa. Njau alisema nisiguse, nimegusa.

Njau ni bosi wangu, mwenye ofisi na mwenye birika. Tuko watatu tu, hapa Ruiru, juu ya duka la chakula cha kuku. Kazi yetu ni Kikao, tovuti ya mikutano. Watu wanaingia kwa simu, wanaandikiana, wanatumiana sauti, na pembeni kuna orodha ya walio ndani, kila jina na kitone chake cha kijani. Vyama vya wapangaji, kamati za harusi, kwaya. Si kitu kikubwa lakini kinatulisha.

Njau ana amri moja maishani: kitu kikifanya kazi, kiache. Lakini ile laibrari, programu ya kuazima inayobeba ujumbe ndani ya Kikao, ilikuwa kuukuu! Ilikuwa inamtupa nje Senge Naliaka kila akifungua mdomo. Senge ni dada mkubwa wa Baba, yuko Doha, ana simu mpya kuliko seva yetu. Na bila senge hakuna mazungumzo ya mahari. Kwetu Wabukusu huwezi kumtoa msichana huku senge yake yuko nje anabisha hodi.

Na mazungumzo ni Jumamosi. Ya kwangu! Mimi na Mugo.

Kwa nini wazee wanakutana kwa Kikao na si kwa sebule? Kwa sababu Anko Jared, mdogo wa Baba na msemaji wetu, yuko Kimilili na mguu kwa plasta. Na kwa nini si WhatsApp kama watu wengine? Kwa sababu ya Anko Jared huyohuyo. Tulikuwa na kikundi cha familia zote mbili. Akatuma humo sauti iliyokuwa ya watu wetu peke yao, kwamba hao wa Ngoingwa, kwao Mugo, ni wagumu kama mahindi choma ya jana. Watu wa Mugo wakanyamaza mwezi mzima. Ndipo mimi, na mdomo wangu, nikasema Kikao kina vyumba vya pembeni.

Mzee Ndung'u alifurahi sana. Yeye ni kaka wa marehemu babake Mugo, ndiye anaongea kwa niaba yao. Kumbe kuna mahali pa ndundu! Ndundu kwao ni hivi: maneno yakikwama, upande mmoja unatoka nje, unanong'onezana, kisha unarudi na neno moja. Posa ya Wakikuyu haisogei bila ndundu.

Basi nimeweka laibrari mpya. Senge yuko ndani tangu asubuhi na hajatupwa hata mara moja. Nimecheza densi kidogo kando ya birika.

Halafu nikaangalia orodha. Tupu. Senge anaongea, anacheka, anauliza kama nimenenepa — na orodha inasema ndani hakuna mtu.


Jumanne, 5 Agosti

Kitheka amepiga simu kabla sijavua sweta. Yeye ni mwenyekiti wa wapangaji wa ploti moja kule Juja. Anasema jana jioni walikuwa na kikao cha maji, watu wakatukanana hadi akachoka kusoma, lakini kwa orodha waliohudhuria ni sufuri. Sasa wale waliotukana wanasema hawakuwepo. Na shahidi wao ni mimi!

Njau alisimama nyuma ya kiti changu. Hakusema "nilikuambia". Alipuliza chai tu. Afadhali angesema.

Shida nimeiona. Zamani ulikuwa unaiuliza laibrari: nani wameunganishwa? Inakupa orodha hapo hapo. Amri hiyo wameiondoa. Si kuibadilisha — kuiondoa kabisa! Na kwa nini hakuna kengele iliyolia? Kwa sababu mimi mwenyewe, mwaka juzi, niliandika kwamba orodha ikikosea inyamaze isisumbue watu. Imenyamaza. Imenitii kuliko mtu yeyote aliyewahi kunitii.

Njau anataka nirudishe ya zamani. Nikamwambia nikirudisha ya zamani Senge anatupwa nje, na Senge akitupwa nje mimi siolewi. Akauliza kama kampuni yake ndiyo inaolewa. Nikamwambia ndiyo, hadi Jumamosi.


Jumatano, 6 Agosti

Leo nimeelewana nayo. Kiasi.

Hii mpya ukiiuliza nani yuko ndani, haikupi watu. Inakwambia ngoja, nitakuletea. Usipongoja, unabandika kwa orodha hiyo ngoja-ngoja yenyewe. Asubuhi yote orodha ilikuwa inaonyesha neno moja la ajabu ajabu na nikadhani nimelogwa. Nikajifunza kungoja. Ikaleta watu — bila majina! Kila mtu ni msururu wa herufi na tarakimu, kama namba ya token ya stima.

Nikaiacha hivyo nikaenda kula. Kosa.

Kitheka alikuwa ameitisha kikao kingine mchana. Wapangaji wakaona kwa orodha hizo herufi za kutisha badala ya majina yao. Mtu mmoja akasema hao ni watu wa serikali wameingia kusikiliza. Kitheka anasema haijawahi kutokea: watu waliombana radhi, wakasema "tafadhali mwenyekiti", wakamaliza mapema. Anaomba nisibadilishe.

Njau amecheka mpaka akaweka chai chini. Mimi sikucheka. Nimemfikiria Mzee Ndung'u akiona hivyo vitu Jumamosi. Ataita mchungaji.

Kwa hivyo nimezima orodha kabisa hadi niimalize. Hakuna atakayeonekana, hakuna atakayeogopa.


Alhamisi, 7 Agosti

Nimetoka kazini mapema nikapitia Ngoingwa kumwekea Mzee Ndung'u Kikao kwa simu. Amejifunza haraka, ila kila sauti anayotuma inaanza "Halo? Halo? Imeshika?" na inaisha kabla hajafika kwa neno lenyewe.

Mama Mugo alinipa chai jikoni. Rachael. Mimi namwita Mami. Alikuwa karani wa shule miaka mingi, anachapa bila kuangalia vidole. Nampenda? Namwogopa. Miaka miwili ananipa chai, ananiita kairitu gakwa, msichana wangu, na bado sijui kama ananitaka au ananivumilia. Mugo anasema naona vitu. Mugo anauza chakula cha ng'ombe, haoni kitu mpaka kimkanyage.

Leo Mami alikuwa na maswali. Akauliza, taratibu, huku akifuta meza iliyokuwa safi:

"Kairitu gakwa, hii kitu yenu... mtu akipotea aingie kwa room si yake, si watu watamwona?"

Nikamwambia kwa sasa orodha imezimwa, hakuna anayeonekana, asiwe na wasiwasi. Akaniongeza mandazi. Sikuwa nimemaliza ya kwanza!

Nilifika nyumbani Makongeni nikiwa nimeshiba. Baba alikuwa na miwani puani na simu yangu ya zamani mkononi. Amestaafu kutoka kiwandani, alikuwa fundi wa mashine za kufuma, na mpaka leo hawezi kuona kifaa bila kukigeuza kuangalia kule chini. Akataka nimwonyeshe vyumba. Nikamwonyesha: huu ukumbi wa wote, hiki chumba cha pembeni chetu, na kile ni chao. Anwani ni moja, ya kwetu inaishia na neno makongeni na ya kwao inaishia na neno ngoingwa. Akauliza kama kuna nywila. Hakuna, Baba. Nikiweka nywila Anko Jared ataisahau, kisha ataiuliza ukumbini mbele ya wakwe.

"Na mtu akiingia, taa yake inawaka?"

Haiwaki, Baba. Nimezima.

"Aha," akasema. Akarudi kwa simu yake.

Nimefurahi, kusema kweli. Wazee wachache wanajali usalama wa mtandao hivyo.


Ijumaa, 8 Agosti

Orodha imekubali! Majina yote. Kila chumba na watu wake. Nimeitesa siku nzima. Anko Jared alikuwa anatokea mara nne kwa sababu kila akitaka kuingia anafungua ukurasa mpya na kuuacha wa zamani wazi, na kwa laibrari kila ukurasa ni mtu. Nimewaunganisha Jared wote wakawa mmoja. Senge anasema ni mara ya kwanza mtu kufaulu.

Lakini sitaiwasha kesho. Nimeogopa kugusa tena. Iko tayari nyuma, kibonyezo kimoja tu. Wazee watajitambulisha kwa mdomo kama walivyofanya mababu zao.

Mama amenishonea kitenge. Sitakivaa kesho, kesho mimi sipo. Msichana anayezungumziwa hakai karibu.


Jumamosi, 9 Agosti

Niko ofisini peke yangu. Njau ameniachia ufunguo. Chini yuko Mulei wa lindo, na redio yake. Nimeambiwa na pande zote mbili nikae mbali na nisisikike, lakini pia nisiende mbali sana kwa sababu Kikao kikilala ni mimi wa kukiamsha. Naandika hapa ili mikono iwe na kazi.

Watu wetu wako kwa sebule yetu Makongeni: Baba, Mama, na wazee wawili wa kanisa. Anko Jared yuko Kimilili na plasta yake. Senge, Doha. Upande wa pili wako Ngoingwa, Mzee Ndung'u na wazee wake sebuleni, Mugo kwa stuli karibu na mlango, Mami jikoni na akina mama wengine.

Maombi: Anko Jared. Sauti ilijaa ikakatika, akatuma ya pili kumalizia, na ya tatu ya Amina.

Utambulisho: karibu saa nzima. Kila mtu na jina, na babake, na kanisa lake, na jinsi anavyomjua bwana harusi. Mzee mmoja wa Ngoingwa alijitambulisha, akamaliza, akajitambulisha tena kwa sababu hakuwa na uhakika imeshika.

Sasa wameingia kwa jambo lenyewe.

—

Wamekwama! Na si kwa idadi ya ng'ombe. Wamekwama kwa mahali.

Mzee Ndung'u anasema msichana alizaliwa Thika, amesoma Thika, wazazi wake wako Makongeni, hapo tu. Mahari italetwa Makongeni. Ng'ombe apande lori aende Kimilili kufanya nini?

Anko Jared anasema Makongeni ni nyumba ya kupanga. Hatupokei mahari kwa ploti, mwenye nyumba akichungulia dirishani. Kwetu ni Kimilili, makaburi yetu yako Kimilili, ng'ombe wataletwa Kimilili.

Mzee Ndung'u: wazee wangu wana magoti. Anko Jared: mimi nina mguu uliovunjika na sijalia. Ikawa hivyo, mbele na nyuma, na sauti za "Halo? Halo?" katikati.

Mwisho Mzee Ndung'u akaomba ndundu. Anko Jared akasema na sisi pia. Ukumbi ukabaki mtupu.

Nimefungua vyumba vyote viwili. Ni kazi. Lazima mtu aangalie kama sauti inapita.

—

Si kazi. Nimeanza kudanganya hata daftari langu. Ninataka kusikia!

Chumba cha Ngoingwa. Wazee wanalalamikia safari. Mmoja anasema nyumba ya kupanga au ya nini, watu wa magharibi hawaishi maneno. Halafu Mzee Ndung'u akauliza, hivi huyu msichana mwenyewe mnamjua? Hawa wa kompyuta wanajua hata kupika?

Na Mami akaandika. Kutoka jikoni, haraka, bila kosa hata moja:

"Anapika kuliko mimi. Anaamka saa kumi na moja. Juzi alichinja kuku wawili hapa kwangu akapika peke yake."

Haiya! Mimi! Kuku wa mwisho niliyemkaribia alinifukuza hadi kwa lango, na Mami aliona, alikuwa ameshika ufagio! Na kuamka kwangu anakujua, mwezi wa nne nililala kwake hadi ibada ya Jumapili ikaisha. Amewadanganya wazee wa kwao wote bila kupepesa macho, kwa ajili yangu.

Kisha akaongeza: "Mimi huyo nimemchagua. Msiniharibie."

Nimelia. Niliangusha machozi kwa kibodi ya Njau. Miaka miwili najiuliza, na jibu lilikuwa linangoja nisiwepo.

Chumba cha Makongeni. Senge amekaza: Kimilili ama msichana arudi nyumbani. Halafu ikaja sauti ya Baba. Chini chini, nadhani alikuwa ameingia chumbani, nimesikia kitanda kikilia.

"Mimi sikuja Thika kupotea. Nataka tu hao watu wajue mtoto wangu ana kwao. Lakini kama Kimilili itavunja hii kitu... basi waje hapa. Nitaazima viti kanisani."

Nilisikiliza mara mbili. Baba hajawahi kuazima hata nyundo.

Kule Ngoingwa Mami ameandika tena: "Twende Kimilili. Mzee wa watu anataka tu ionekane mtoto ana kwao." Mzee Ndung'u akauliza nani amemwambia. Mami akasema ni jambo la kuonekana tu. Mwanamke mwenye busara!

Na kwetu Baba anasema huyo mama ni mtu mzuri, tusimtese. Anko Jared akauliza mama gani. Baba akasema, mama yeyote.

Wanarudi ukumbini. Ee Mungu.

—

Sijui niandike nini kwanza.

Waliingia pamoja. Anko Jared akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi kubwa: tumeamua kwa heshima ya wakwe, mahari iletwe Makongeni. Dakika hiyohiyo, kabla sauti yake haijaisha, Mzee Ndung'u: tumeamua kwa heshima ya wakwe, tutaipeleka Kimilili.

Wakaanza kugombana upya — kinyumenyume!

"Hapana mzee, Makongeni!"

"Tumesema Kimilili! Kijana ameshaanza kuuliza lori!"

"Magoti yenu je?"

"Magoti yetu yaache!"

Nilicheka peke yangu hadi Mulei akaita kutoka chini kama niko salama.

Nikaacha kucheka. Mzee Ndung'u alituma sauti ambayo haikuanza na halo. Akasema yeye ameketi kwa mahari nyingi na hajawahi kuona watu wakikutana hivyo katikati bila mtu kubeba maneno. Wale wamejua ya huku, na sisi tumesema kama tumejua ya kule. Kikulacho ki nguoni mwako, akasema. Anko Jared akajibu: ni kweli kabisa. Ndilo jambo la kwanza wamekubaliana tangu mwezi wa tano!

Na wakamrukia nani? Mugo wangu! Kijana amekaa mlangoni na simu, bibi yake ni mtu wa kompyuta, ni nani mwingine? Mzee Ndung'u amemtoa nje. Amesema, mbele ya watu wangu wote, kwamba mwanamume anayeuza ndundu ya baba zake kabla ya kuoa, akioa atauza nyumba. Na kwamba neno halitaendelea hadi ijulikane. Anko Jared naye: tujue, ama kila mtu ashike njia yake.

Mama amenipigia. Ananong'ona. Wazee wote wamekubaliana, mimi Nelima niweke ile orodha yangu, majina yote, chumba kwa chumba. Na Mzee Ndung'u ametoa amri: mtu asifunge simu! Atakayeondoka sasa ndiye.

Nikamwambia Mama nipe dakika niiandae. Iko tayari tangu jana. Nilitaka tu niione kwanza mimi.

—

Nimeiona.

Chumba cha Ngoingwa: Ndung'u. Wazee wake. Mugo. Rachael. Nelima. Makokha.

Makokha ni Baba.

Chumba cha Makongeni: Makokha. Mama. Wazee wa kanisa. Jared, mmoja. Naliaka. Nelima. Rachael.

Nimeisoma nikidhani nimekosea kuunganisha. Nimeijaribu upya. Ni wao. Baba na ile "aha" yake. Mami na mandazi yake. Walifuta neno moja kule juu wakaandika lingine, na mimi ndiye niliyewaambia hakuna atakayewaona. Kurasa zao bado ziko wazi humo hadi sasa, hawawezi kutoka, kila mmoja amekodolea simu na kuomba orodha ikatae. Na mimi pia. Mimi niko kwa vyote viwili!

Kwa hivyo Mami amemsikia Baba na viti vyake vya kanisa. Na Baba amemsikia Mami na kuku wake wawili. Kwanza nilikasirika. Halafu nikaona aibu. Halafu nikataka kuwakumbatia wote wawili, na mmoja yuko Makongeni na mwingine yuko Ngoingwa na mimi niko juu ya duka la chakula cha kuku.

Mugo ameniandikia. Yuko nje karibu na banda la kuku. "Mimi sijasema kitu kwa mtu. Unaniamini?" Namwamini. Ninajua kabisa! Mimi ndiye mtu wa pekee duniani anayejua kabisa.

—

Nimeandika mstari mmoja. Ni mfupi sana: majina haya matatu yasitokee kwa chumba kisicho chao. Ukiwasha na huo mstari, orodha inatoka safi. Kila mzee kwa chumba chake, Baba na heshima yake, Mami na ya kwake. Na Mugo hapo mlangoni, ndiye aliyebaki.

Watasema aa, basi ni kijana. Watamsamehe, watamtoza mbuzi, harusi itaendelea. Na kila sherehe hadi tutakapozeeka mtu atasema msimwambie Mugo siri. Huku kwetu hawasahau. Anko Jared bado anasimulia nilivyoanguka kwa mto nikiwa na miaka minne.

Lakini nikiuondoa, Baba ataonekana na mdogo wake kuwa aliingia kwa ndundu ya wakwe kama mwizi wa sukari. Mami ataonekana na shemeji yake, huyo huyo aliyemdanganya kuhusu kuku. Na mimi, msichana aliyeambiwa akae mbali! Mzee Ndung'u anaweza kusema hii nyumba yote ni ya wachunguzi, kwaheri. Anaweza. Ana haki.

Mama amepiga tena. Sijashika. Ukumbini Anko Jared ameandika: NELIMA TUNANGOJA. Hajui kuzima herufi kubwa.

Ningeweza kumpigia Baba. Atasema nini? Atasema fanya lililo sawa, kisha atakaa nje hadi usiku akigeuza simu kuangalia kule chini.

Mugo tena: "Mzee anasema nikatubu. Nitubu nini sasa?"

Nimeufuta mstari.

Nimeurudisha.

Nimeufuta. Wakiniuliza, mimi ndiye nitaongea wa kwanza. Nitasema niliingia kwa sababu nilitaka kujua kama ninatakiwa. Sijui litasikikaje kwa herufi. Nimejaribu kuliandika mara tatu na mara zote limetoka kama kazi ya shule.

Nimebonyeza.

—

Imetoka. Vitone vyote vya kijani, kila jina mara moja tu ndani ya chumba. Njau angefurahi.

Hakuna anayesema. Mzee Ndung'u hajasema. Anko Jared, hata Anko Jared, hajasema! Senge alituma "Mayi wee" moja ya mshangao, basi.

Kule chini ya ukumbi, panapoonyesha nani anachapa: Rachael anaandika. Imezima. Makokha anaandika. Imezima. Mimi nimeandika neno moja nimelifuta. Rachael anaandika tena. Makokha anaandika. Sasa wote wawili pamoja, haizimi, wanaandika tu, wanaandika. Nimehesabu majina tena. Hakuna aliyeondoka.